Neno Jekundu Nyuma ya Kamera

Jumanne

Bado naona aibu. Nilimwita Sista Nyambura mvivu mbele ya akina mama wote pale zahanati, na kumbe hakuwa na kosa.

Mtoto wa mama mmoja wa Mwiki alikuwa na homa kali. Mimi pale mapokezi nikabonyeza "Haraka" kwenye kompyuta yangu, ili neno hilo litokee kwa rangi nyekundu kwenye laptopu ya Sista. Lakini yeye akaendelea tu kuita wengine.

"Sista, kwani huoni? Ni uvivu gani huu?"

"Nione nini, Mama Ian?"

Nikaenda kuangalia. Laptopu yake ni mpya, ina kale kapande keusi ka kamera kanakoingia ndani ya skrini, juu katikati. Neno letu lote lilikuwa limefichwa hapo.

Mtoto aliingizwa mara moja, na homa ikashuka. Lakini kama angeshikwa na degedege pale kwa benchi...

Nikampigia Wambui, msichana aliyetutengenezea programu hiyo, nikamweleza.

"Woi! Niliweka katikati ndio lionekane kwanza," akasema, karibu kulia. "Laptopu yangu haina hako kapande."

Nilimwonea huruma. Hata mimi ningeliweka hapo.

"Usilie. Lakini lihamishe leo, si kesho. Liweke kando ya jina la mtoto, maana jina lazima Sista alisome."

Alilihamisha kabla ya saa kumi.

Sista naye bado sijamwambia pole. Nilimkosea mbele ya watu, kwa hivyo kesho nitangoja benchi lijae kwanza, ndio nimwombe msamaha.