Nyuki Unaowataja

Othaya, Jumapili

Baba Ngendo,

Sisi tuko wazima. Kahawa imechanua, na Ngendo ameng'oka jino. Amelificha akuonyeshe mwenyewe.

Siku hizi dawa ya kahawa inanyunyizwa na droni. Jana ilipopita juu ya shamba letu, watoto waliishangilia. Mimi nilichutama chini ya mti wa kahawa, maana mlio ule naujua. Huwa nausikia nyuma ya sauti yako ukinipigia simu kutoka huko vitani, na nikiuliza, unasema ni nyuki.

Ngendo alinicheka. "Mama, si inamwaga dawa tu!"

Hiyo ya huko inamwaga nini, mume wangu?

Usinijibu. Ukipiga simu nitauliza tena habari za nyuki, nawe useme wapo. Bora niisikie sauti yako.

Anayekungoja,
Mama Ngendo