Aliyevaa Aproni Yako

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulaza na kutuamsha. Mama hajambo, ila macho ndiyo yanamuaga. Paa la jikoni tumeliziba.

Tangu uwauzie wale wa kampuni kubwa kiwanda chetu kidogo cha bia, masufuria ya kupikia yamepoa. Bia inakuja na lori, imeshapikwa huko kwao, nami nabandika lebo zile zile zenye picha yako: "Imepikwa hapa, kwa mkono wangu." Riziki ni riziki, nikanyamaza.

Sasa wageni wanaotembezwa kiwandani wanamtaka mwenye mkono. Basi kampuni ikaleta mtu. Anavaa aproni yako, anakoroga maji matupu, mvuke unapanda, wageni wanapiga picha. Mwanzoni nilicheka. Kisha akaanza kukohoa kabla ya kucheka, kama wewe.

Jumapili nimetoka ibadani, namkuta kwetu, mama anampapasa uso.

"Mwanangu amekonda," mama akasema.

"Mama, huyu si mwanao!"

"Nyamaza! Nizae mimi, unitambulishie wewe?"

Yule mtu akanigeukia taratibu. "Da Njiti, mbona unanifukuza kwetu?"

Jina hilo ulinipa wewe, miguu yangu ilipokuwa kama njiti za kibiriti, na halijawahi kutoka nje ya nyumba yetu. Mdogo wangu, uliwauzia nini na nini?

Rudi. Mama ameshampa chumba chako. Na jana yule mtu aliponiita Da Njiti, kabla sijakumbuka kuwa si wewe, niliitika.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakuombea wewe.