Oili ya Kwanza ya Fića

Jumatatu, 1 Aprili

Ratomir,

Padri anasema misa yako ya nusu mwaka isogezwe mbele kidogo, iwe Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, kwa sababu baada ya hapo ni Pasaka na hatakuwa na nafasi. Nikasema sawa. Halafu nikausikia mdomo wangu ukimwambia Vidoje kwamba siku hiyo nitakwenda makaburini kwa Fića, kigari chako.

Mdogo wako alidhani ni utani wa siku ya wajinga. "Shemeji, hilo gari halina hata tone la oili."

Najua. Uliifunga injini yote, bolti kwa bolti, ukanawa mikono kwa sabuni ya vyombo ingawa nimekukataza, ukasema oili tutaweka kesho. Kesho yake ukaanguka. Tangu Oktoba Fića amelala gereji chini ya shuka letu la maua, lile ulilosema ni la wageni.

Sitaki mengi. Ulikuwa kule chini kiangazi kizima, nikikuletea chakula mlangoni. Nataka nisikie kile ulichokuwa unakitengeneza. Na kinipeleke kwako.

Vidoje kalizunguka gari, mikono kiunoni, kama wewe kabisa. Anasema oili ya kwanza ndiyo yenye uamuzi. Injini imetoka kufanyiwa ovahoo, ringi za pistoni ni mpya, kemshafti mpya, vyuma bado havijazoeana. Ukikosea oili unaiharibu ndani ya dakika ishirini za mwanzo, na baada ya hapo ni kufungua yote upya. Akaangalia viatu vyake. Wa kufungua upya alikuwa wewe.

Jumatano, 3 Aprili

Nilimwambia Slavka wa jirani peke yake. Yaani nilitangaza redioni.

Tangu msiba, anayeingia nyumba hii huja na kahawa na sukari. Kahawa ninayo ya kunifikisha miaka mia. Leo wamebadilisha — wamekuja na oili ya injini! Binamu yako wa Rača kaleta galoni lililobaki kwenye trekta. Mwenzako wa kiwandani kaleta ya lori la dizeli, kwa kuwa "ina nguvu". Slavka kaleta kopo alilonunua kituo cha mafuta. Nilipomuuliza kwa nini hilo, akasema lilikuwa rafu ya chini na mkono wake haufiki ya juu.

Nimezipanga kwenye kabati la vyombo, kando ya picha yako. Ungecheka mpaka ukohoe.

Tuko kwenye mfungo, na Jumatano tunapika kwa maji tu. Slavka kaonja maharage yangu, kayaangalia yale makopo, kasema: "Leo mafuta ni mwiko, jirani. Fića naye afunge. Kesho ataruhusiwa."

Ijumaa, 5 Aprili

Leo kaja Msimamizi. Svetozar, na tai shingoni, siku ya kazi.

"Bibi harusi," kasema. Tangu alipotusimamia kanisani hajawahi kuniita jina langu. Nimezeeka, nina miwani miwili, bado ni bibi harusi wake. Kaweka mezani kitu kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi na utepe. Ndani — oili. Ya sintetiki, mwanawe kaituma kutoka Stuttgart.

"Hii," kasema, "ukiimwaga barabarani, barabara yenyewe inaanza kukimbia."

Vidoje kasoma maandishi ya nyuma ya chupa. Nikaona uso wake ukishuka. Jikoni akaninong'oneza: hii haifai. Ni nyepesi mno na inateleza mno. Ringi mpya lazima zisuguane kidogo na silinda ndipo zikae sawa; kwa oili hii hazitakaa kamwe, gari litakula oili na kufuka moshi maisha yake yote. Na kwenye zile gasketi za kizamani itavuja kama kikapu.

"Ipi inafaa, basi?"

Akanyoosha kidole kwenye kopo la Slavka. Oili ya madini, nzito, ya kizamani. Ya rafu ya chini.

"Nenda kamwambie Msimamizi."

"Mwambie wewe, shemeji. Mimi bado nataka kuishi mji huu."

Na ni kweli. Msimamizi hakataliwi. Akisema theluji ni nyeusi, unachukua koleo unamwambia ndiyo, mwaka huu imezidi weusi. Katubatizia mtoto. Kabeba msalaba wako mpaka kaburini, mbele ya sote. Nitamwambiaje kwamba zawadi yake itamuua Fića?

Nikamwambia asante. Nikamwongezea kahawa.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekuta plagi zako nne ndani ya bakuli la sukari, zimefungwa kwenye kitambaa cha kanisani. Safi kama meno ya mtoto. Bakuli gani, Ratomir? Lile la mama yangu.

Nimezirudisha humohumo.

Jumatatu, 8 Aprili

Vidoje!

Nimeshuka gereji kumpelekea chai. Makopo yote yako wazi sakafuni, yamemzunguka kama watoto wa chekechea, naye ana faneli mkononi. Kamimina. Kidogo ya Svetozar, kidogo ya lori, kidogo ya trekta, kidogo ya Slavka.

"Nimempa kila mtu haki yake, shemeji. Hakuna atakayenuna."

Najua alikoitoa tabia hiyo. Ndivyo tunavyofanya na rakija, pombe kali za matunda wanazoleta wageni: kila chupa iliyoletwa lazima ifunguliwe, kila moja ionjwe, hata ile ya binamu inayochoma koo, ili asitokee mtu wa kwenda nyumbani akisema yangu haikuguswa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mezani maisha yangu yote. Lakini Fića si meza.

"Na injini?"

"Injini haina mdomo wa kulalamika."

Nikakaa juu ya ndoo nikacheka. Kisha kicheko kikageuka. Vidoje akasimama na faneli yake, oili inamchuruzika kwenye mkono wa sweta, hajui aishike wapi. Nikamwambia afungue nati ya chini aimwage yote. Ashukuru tu kwamba hakuwasha.

Jumanne, 9 Aprili

Oili imedondoka usiku kucha. Rangi yake sijawahi kuiona, na nimekaanga mengi.

Vidoje kazungusha injini kwa mkono, plagi zikiwa nje. Inazunguka laini, bila kukwama. "Kaka aliifunga vizuri," kasema. Akatoka nje kuvuta sigara. Aliacha kuvuta mwaka juzi.

Oili ni ya Slavka. Nimeamua. Sasa lazima niende kwa Svetozar. Nikimficha atajua, maana Slavka ni Slavka.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda. Nimevaa koti zuri, nimebeba pita, mkate wa matabaka wenye malenge ndani.

Alikuwa anapogoa mizabibu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, nisije nikarudi nayo. Kwamba oili yake ni nzuri kuliko injini yenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kwamba vyuma vipya vinataka kitu kizito na cha kawaida mpaka vizoeane. Aliendelea kukata. Kakata hata tawi ambalo nadhani hakulikusudia.

"Kwa hiyo ya Slavka inafaa."

"Ndiyo, Msimamizi."

"Slavka, aliyejaza maji tangi la petroli la marehemu mumewe."

"Huyohuyo."

"Na ya kwangu ukaipeleka wapi?"

"Iko kando ya picha ya Ratomir. Utepe wake upo." Sikumwambia kwamba kwenye chupa pamepungua. Hilo nimemwachia Vidoje na dhamiri yake.

"Nyumba yenu haijawahi kunikataa," kasema. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Nikamwambia: "Sikukatai wewe. Wewe nakuhitaji. Ulimshika mtoto wetu siku ya ubatizo wake. Njoo umshike na huyu. Oili ni ya Slavka, lakini atakayeimimina ni wewe. Bila wewe siwashi."

Hili la mwisho sikulipanga. Lilitoka tu.

Akaichukua pita. Akasema mizabibu ina kazi nyingi mwaka huu. Akaingia ndani.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuja.

Vidoje anasema tumimine leo, tuwashe leo, tuwe na muda kama kuna kasoro. Yuko sahihi. Nimesema hapana. Anasema basi mwambie Msimamizi tumemsubiri, kumbe hatukumsubiri. Nimesema hapana. "Shemeji, umekuwa kama kaka." Nimemwambia akale.

Nimechemsha ngano ya misa, nimeipamba kwa sukari. Slavka kanisaidia, na kasema tusingeweza kumimina leo hata hivyo, ni Ijumaa, siku ya maji. Nimecheka kidogo ili afurahi.

Asipokuja kabla ya saa mbili asubuhi, tunakwenda kwa gari la Vidoje. Fića atabaki chini ya shuka lake. Nimesema hivyo kwa sauti ya kawaida. Naandika hapa kwamba haikuwa ya kawaida.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeingia ndani kuchukua mishumaa. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji.

Kaja. Saa moja na kitu, kavaa tai, na juu ya tai kavaa ovaroli lake la kiwandani ambalo halifungi tena tumboni. Hakunisalimu. Kamuuliza Slavka, aliyekuwa amesimama na sinia la ngano: "Hili kopo, una hakika ni oili? Si siki?" Slavka akamwambia aionje.

Kabla ya kumimina akadondosha tone chini. Lako. Kisha Msimamizi akamimina polepole, kama uzi, akisimama kila mara kuangalia kijiti cha kupimia, hadi alama ya juu, si zaidi. Tukazungusha kwa stata plagi zikiwa nje, mpaka taa nyekundu ya oili ikazima. Vidoje akazirudisha plagi moja moja.

Mara ya kwanza — kimya. Ya pili akakohoa. Ya tatu, Ratomir, sijui niandike vipi. Kuku wa Slavka wote wameruka ua.

Sasa ananguruma. Lazima azunguke kwa kasi moja mpaka kemshafti izoee, asiachiwe azunguke polepole, na Msimamizi ndiye ameshika pedali. Vidoje alijitolea kumpokea. Msimamizi akamwambia, "Kijana, mimi ndiye niliyeitwa." Machozi yanamtoka. Anasema ni moshi. Vioo vimefungwa vyote.

Moshi ni wa bluu. Vidoje anasema ni grisi uliyopaka wakati wa kufunga, inaungua, itakwisha. Isipokwisha maana yake ni ringi, na kwa ringi hatupandi kilima cha makaburi leo. Kasogeza sikio karibu na injini, kafumba macho. Mimi kutoka dirishani naona moshi tu, sioni kama unapungua au macho yangu ndiyo yamezoea.

Wananiita. Slavka ameshaingia kiti cha nyuma cha Fića na ngano magotini, wala hakuna aliyemwalika.

Leo padri atalitaja jina lako mbele ya watu wote. Wewe huko ukipata nafasi, nami nikumbuke.