Ulipopaacha Peupe

Baba,

Shikamoo. Najua salamu hii haina wa kuiitikia, lakini mkono wangu haukubali kuanza na jambo jingine. Mama hajambo, magoti tu. Nyumba ipo. Vichochoro vya nyuma ndivyo havipo tena, na kwa kuwa wewe ungeviulizia kabla ya kuniulizia mimi, nakuanzia hapo.

Kile cha kuelekea msikiti mdogo kimezibwa kwa mabati. Cha wauza mkaa kimekuwa maegesho ya magari. Nyumba ya Bi Mwanaisha, pale pembeni, ilibomolewa asubuhi moja, na ilipofika adhuhuri vijana walikuwa washafagia, utadhani hapakuwahi kupikwa hata chai. Kwanza hupakwa alama nyekundu. Anayepaka hajulikani. Unaamka, unafungua mlango, unaikuta. Ukutani kwetu bado haijafika, na kila nikitoka nautazama ukuta kabla sijawaamkia watu.

Wakumbuka ulivyokuwa ukinitia aibu dukani? Lile duka kubwa la milango ya vioo, ulisema limekalia mtaa mzima. Ulikuwa ukizipanga ramani zako za kale moja juu ya nyingine, zile karatasi za kunakilia, ukaziinua dirishani, na mitaa ya zamani ikajitokeza chini ya hii mipya. Basi tukifika kwenye rafu ya sukari ulikuwa unasimama. "Hapa ni mlangoni kwa watu," uliniambia. "Piga hodi." Nami nilipiga hodi, binti mzima, watu wakitutazama na vikapu vyao. Hata sasa nikienda peke yangu hupiga, kimoyomoyo. Lakini siku hizi naogopa, Baba. Naona kama nitaitikiwa.

Baada ya arubaini yako alikuja kijana mmoja, nadhifu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Alimwamkia Mama kwa adabu, akakusifu mpaka Mama akalia. Alisema wenye hoteli mpya wanaipenda historia ya Malindi na wangependa kuitundika ramani yako ukumbini kwao, na jina lako chini yake. Mama akamfungulia kabati. Ramani aliyoondoka nayo ni ile kubwa, Baba, uliyoichora mwenyewe, yenye kila kichochoro kilichopotea na kila kilichobaki, na sahihi yako pembeni. Simlaumu. Mjane akisifiwa mumewe atakataa nini?

Tuliiona tena kwenye mkutano wa ardhi. Walikuwa wameikuza, imejaa ukuta mzima. Kijana yule yule alishika fimbo akaonyesha kiwanja wanachotaka kukijenga, upande wa bahari, nyuma ya msikiti, mahali ambapo wewe hukuchora kitu. Palikuwa peupe. Akasema kwa upole kabisa, "Hata marehemu, aliyeujua mji huu kuliko sisi sote, hapa hakuona kitu."

Pale ni mavani, Baba. Hapo ndipo ulipozikwa.

Mimi najua kwa nini ulipaacha vile. Ulikuwa huchori usichokipima, na hukukubali kuburuta mnyororo wa kupimia juu ya makaburi. Ukifika kwenye ukuta wa mavani ulikuwa unasimama, unasoma Fatiha, unazunguka. Mtaani kila mtu alijua pale pana nini, ungemwandikia nani? Na makaburi yetu ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, basi. Majani yakiota hayaonekani. Sasa heshima yako wameigeuza ushahidi. Nimekukasirikia, nakuambia waziwazi, na mtu akimkasirikia marehemu hasira hiyo haina pa kwenda. Humrudia mwenyewe usiku na mchana.

Wanaume walisimama mmoja mmoja wakaeleza kuwa babu zao wamelala pale. Mwenyekiti aliandika yote. Kisha akasema maneno ameyasikia, lakini mbele yake ana mchoro, na mchoro hujibiwa kwa mchoro. Tulete wetu Jumatatu, la sivyo kazi ianze. Tuliporudi mtaani tukakuta vigingi vishapigwa mavani, vichwa vyekundu.

Mwenye mkono wako wa kuchora ni mimi tu, wewe ndiye uliyenifundisha. Na mimi sikuwahi kuingia pale. Siku ulipotolewa nyumbani wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani na kilio chetu, kama ilivyo ada. Niliona jeneza likikata kona, basi. Kaburi lako sikulijua. Mama aliposikia nataka kuingia na utepe wa kupimia alinikatalia katakata. Mwanamke, mavani, tena kupima! Alinuna tangu adhuhuri mpaka alasiri. Halafu akaja akanipa leso yake nijifunike.

"Nenda," akasema. "Ukifika kwake, uniangalizie kama ana kivuli."

Nilimwita Mzee Kazungu, aliyekushikia mnyororo miaka yote. Alikuja kutoka Jilore akinung'unika njia nzima: miguu, nauli, jua. Wamjua. Alipoviona vigingi alivizunguka kimoja kimoja, kisha akaja akasimama karibu nami.

"Kwetu mzee akifa twamsimikia kigango," akasema, "mti uliochongwa, kila apitaye ajue. Nyinyi mwawaficha watu wenu, kisha mwashangaa wakipotea."

Lakini siku ya maziko yako alikuwepo, alisimama kando ya ukuta, na kwa mazoea ya kazi yenu alikupima kwa jicho kutoka pembeni. Alinipeleka moja kwa moja bila kuuliza mtu.

Tulifanya kazi mpaka jua likageuka. Wanawake wa mtaa walikuja wakasimama nje ya ukuta, wakawa wanaita, kila mmoja akitaja jina la mtu wake na mahali alipoambiwa amelazwa. Wa kwangu yuko chini ya mwarobaini. Wangu ni penye jiwe lililovunjika, na mtoto wake kando yake. Mimi naandika, Mzee Kazungu anavuta utepe katikati ya makaburi, polepole, asiguse. Kila nilipodhani tumemaliza upande mmoja, sauti nyingine iliita. Sikujua mko wengi hivyo. Mlinzi wa hoteli alikuja, akatutazama, akapiga simu, akaondoka. Ningefurahi kama angetutukana.

Kaburi lako lina kivuli, cha asubuhi. Nimemwambia Mama lina kivuli, nikakomea hapo. Sikumwambia kuhusu kigingi. Kimepigwa karibu na kichwa chako, Baba, kati ya mawe yako mawili. Nilipiga magoti nikalia, nikasahau hata kukuombea dua. Mzee Kazungu alikwisha kukishika aking'oe, nikamzuia, wasije wakasema tumeharibu mali yao. Nilifuta macho, nikakipima hicho pia. Nimekichora palepale kilipo, ndani ya kaburi lako, wakione wao wenyewe.

Mchoro umekwisha. Uko mezani, na peupe pako pamejaa majina. Waliokosa wa kuwaita nimewachora vivyo hivyo, bila jina. Lakini jana tingatinga limeletwa. Limeegeshwa kando ya mabati, na dereva amejilaza kivulini mwake, hana haraka, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo tu. Leo asubuhi nilipita nikamwamkia. Aliitikia vizuri, kisha akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa mtaa huu, na kama nyumba yetu ni ile ya mlango wa kijani. Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikautazama ukuta.

Mtaani watu wamepunguza kuzungumza. Tunahesabiana kwa macho tu, nani bado yupo. Wengine wanasema tumechelewa, mambo kama haya huwa yamekwisha kabla ya mkutano kuitwa. Huenda wanasema kweli. Naogopa, Baba, nami sina pa kuuficha woga wangu ila kwako.

Nakuahidi kitu kimoja. Jumatatu nitasimama mbele ya mwenyekiti na mchoro huu, na wakiukataa nitachora mwingine, na mwingine, na mkononi mwangu hapatakuwa tena peupe mahali palipolazwa mtu. Nisamehe kwa kukupima. Hukutaka, na mimi nimekupima.

Mungu akulaze pema, Baba, na akuache ulale. Ukisikia kishindo juu yako kabla ya Jumatatu, jua ni wao. Mimi nilivua viatu langoni, nikapita kando.

Mwanao,
Zuhura