Pawatila za Kuazima

Lipangalala, Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepona? Na baridi ya Makete imeviacha viazi, au imeviunguza tena? Huku joto linatuchemsha na mbu hawana huruma, ila mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka. Kwenye simu mtandao hukatika nikiwa katikati ya maneno, ndiyo maana nimemwomba mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko akuletee barua hii.

Unajua nafundisha ufundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya mkono yanayolima majaruba ya mpunga. Tangu nifike chuoni sijapata hata moja ya kufundishia. Nachora injini ubaoni, wanafunzi wananakili. Nimemlilia mkuu wa chuo mpaka sauti imekauka.

Mwezi uliopita tukaambiwa wakaguzi wa ubora wa mafunzo wanakuja. Siku moja kabla, lori likashusha pawatila tatu zinazong'aa. Mkuu alikuwa ameziazima kwa mfanyabiashara wa mpunga hapa mjini. Akaniambia, "Mwalimu, kesho wewe tabasamu tu."

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alizitazama mashine, kisha akamwita Zawadi, binti wa Lupiro, mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote.

"Mwanangu, hebu fungua hapa unisafishie chujio la dizeli."

Zawadi akashika spana, akaizunguka mashine, akasimama. Machozi yakamlengalenga. Mkuu akacheka, "Ana aibu tu huyu."

Mkaguzi akanigeukia. "Mwalimu, hizi mnazitumia kufundishia?"

Mama, ningefanyaje? "Hapana," nikasema. "Zimekuja jana."

Nilidhani mkuu atabanwa alete vifaa. Wapi! Kozi yangu ndiyo iliyofungwa mpaka vifaa vipatikane, wanafunzi wakarudishwa makwao, naye mkuu yupo ofisini kwake kama kawaida. Mimi nimepewa kusimamia usafi wa mabweni. Wenzangu wananipitia wakisema, "Si ulijifanya malaika?"

Nikaenda kwa yule mfanyabiashara kumwomba pawatila mbovu iliyotupwa nyuma ya ghala lake, nifundishie hapo hapo. Alikubali shingo upande. Nikavuka mto hadi Lupiro kumwita Zawadi. Nilimkuta akipalilia mpunga na baba yake.

"Shikamoo, mwalimu," alisema bila kuinua uso. "Cheti kitakuwepo?"

"Kwa sasa hakuna. Lakini kazi utaijua."

"Nani ataniajiri kwa kujua?" Akang'oa magugu mengine. "Ungenyamaza tu, mwalimu, saa hizi ningekuwa nimebakiza mtihani."

Nilirudi na hasira nisijue nimkasirikie nani, maana Zawadi siwezi kumkasirikia. Wale wanafunzi wachache wanaokaa mjini huja ghalani kila Jumamosi. Tumeifungua injini yote, tukaiosha, tukaifunga, na juzi ikawaka. Walipiga kelele mpaka wapagazi wa ghala wakatoka kutazama. Sasa ndiyo wanaijua kazi, mama, na sasa hakuna mkaguzi anayekuja.

Nisalimie baba mdogo na maseremala wenzake, shangazi wa sokoni, na bibi, umwambie dawa ya kifua aliyonipa bado ninayo. Mdogo wangu wa mwisho nasikia anatafuta chuo cha ufundi. Mwambie asidanganywe na rangi ya majengo. Aingie karakana, aulize mashine ni za nani.

Mwanao anayekukumbuka,
Restituta