Wasia wa Mwalimu Mbaraka

Janga, Mlandizi
9 Agosti 1951

Kaka yangu Twalibu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kidole ulichobanwa na behewa kiwe kimepona. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, na lile blanketi ulilomletea amelifungia sandukuni, eti ni zuri mno kulalia. Muhogo umestawi, ila nguruwe pori wanakula kuliko sisi. Mimi nami ni mzima wa mwili.

Kaka, hapo Tabora, mtaa wa Ng'ambo, anakaa mtu anayeitwa Mwalimu Mbaraka. Nataka umtafute. Lakini kwanza nikueleze habari zake, maana nimemkosea na wewe ndiye mtu wangu pekee aliye karibu naye.

Mwezi wa Juni Mwalimu Shomari alilazwa hospitali Dar es Salaam, tumbo likimsumbua, tukaletewa Mwalimu Mbaraka kumshikia darasa. Siku ya kwanza alitutajia kuwa yeye ni Mnyamwezi, na darasa zima likashangilia, maana tulijua tumepata mtani. Tukamuuliza mizigo ya babu yake ameitua wapi. Naye akatujibu kwamba Mzaramo hawezi kumaliza hesabu moja kabla hajasikia ngoma. Tulimpenda siku ileile, lakini tulimpenda vibaya. Akitwambia tuandike, tunamtania. Akikasirika, tunamkumbusha kuwa mtani hana hasira. Tulimficha kofia, tukaifunga kengele ya shule kwa matambara isilie. Yote aliyavumilia. Siku moja alituonyesha picha ya gari la moshi aliyochorewa na binti yake Zena, mtoto wa miaka saba. Gari lilikuwa na magurudumu tisa upande mmoja, na sisi, badala ya kusifu, tulicheka.

Unajua desturi ya watani msibani. Wanamwigiza marehemu, wanalala kaburini wakigoma kutoka, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Tukapanga kumzika Mwalimu Mbaraka Jumatatu asubuhi. Tulichukua koti lake alilozoea kulitundika kwenye msumari, tukalijaza majani makavu, tukalilaza mkekani mbele ya ubao na kulifunika shuka nyeupe. Jumbe, yule mtoto wa jirani yetu Mwinjuma, akajitanda kanga ya mama yake akawa mjane.

Mwalimu alipoingia alisimama kidogo, kisha akacheka. Kweli alicheka, kaka, mpaka akashika ukuta. Akasema anamfahamu vizuri huyo marehemu, aliuawa na wanafunzi wavivu, na azikwe upesi kabla hajaoza. Halafu akauliza kama marehemu ameacha wasia. Hapo mimi nikasimama nikampa barua iliyokuwa imefungwa, yenye jina lake, iliyotoka kwao. Akaipokea bado anatabasamu, akaifungua.

Alipoisoma aliketi chini, pembeni ya mkeka. Sisi tukaona mtani ametuzidi kuigiza. Jumbe akapiga yowe, na sote tukapiga mayowe pamoja naye, tukamlilia mwalimu wetu kwa sauti kubwa naye amekaa palepale ameinamisha kichwa. Sijui tulilia muda gani. Mwishowe akainuka, akafunua shuka, akatoa majani ndani ya koti lake mkono mmoja baada ya mwingine, akalivaa. Akatoka, akashika njia ya stesheni ya Ruvu. Majani mengine yalikuwa yamemganda mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkimbilia kumpangusa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Shomari alirudi, amekonda, akatwambia kwamba barua ile ilimwita mwenzake kwao, Zena anaumwa sana. Alipofika, alikuta mtoto amekwisha zikwa. Jumbe alichapwa viboko sita kwa kuwa mjane, na mimi nilikaa nikihesabu. Mama alipopata habari hakunipiga. Alisema tu: "Mtani hushika jembe kwanza, ndipo acheke. Ninyi mmecheka, na kaburi wamechimba wengine."

Tukaandika barua ya kuomba radhi, darasa zima, majina ishirini na mawili. Jibu lake limefika juzi, Mwalimu Shomari akatusomea. Kaka, ni barua ya mtu mwema kupita kiasi. Anasema ametusamehe tangu siku ile, utani ni utani, na kicheko alichocheka kabla ya kuifungua barua hakijutii, kwa kuwa hajacheka tena tangu hapo. Anasema Wazaramo wanaofanya kazi huko ndio waliomchimbia Zena kaburi, kwa hiyo hana anachowadai watani wake. Mwishoni ameandika kwamba mtoto aliuliza kila siku kama gari la moshi la pwani limefika, mpaka Jumapili jioni alipoacha kuuliza. Akamalizia: "Barua ilichelewa njiani. Simlaumu mtu, ndiyo kudra ya Mwenyezi Mungu."

Darasa zima lilipumua. Jumbe alilia kwa furaha. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Haikuchelewa njiani, kaka. Ilifika Alhamisi. Mama alinituma mafuta ya taa Mlandizi, mwenye duka akanikabidhi barua nimpelekee mwalimu. Nilipofika kwake nilimkuta anaswali alasiri. Ningengoja amalize, basi. Lakini nikakumbuka kuwa mazishi yetu yana kila kitu isipokuwa wasia, nikaona hii barua itafaa sana, nikaitia mkobani nikaenda zangu. Ijumaa mwenyewe aliniuliza kama nimepita dukani na kama kuna barua yake. Nikamjibu hakuna. Gari la Ijumaa usiku lingemfikisha Tabora Jumamosi, naye Zena angali anauliza.

Hakuna anayejua, hata Jumbe. Nimejaribu mara tatu kumwandikia mwalimu mwenyewe, na kila mara kalamu inakwama baada ya shikamoo. Kwako imeandika. Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kuisoma hii usiiweke. Nenda nayo Ng'ambo, umpe mkononi mwake, siku hiyohiyo utakayoipata. Usingoje Jumapili, usingoje mshahara, na akiwa anaswali, mngoje mpaka atoe salamu. Yale aliyoyasamehe yalikuwa ya darasa. Hili ni langu, na sijui kama linasameheka, lakini asiendelee kuilaumu njia.

Akisema neno lolote, hata liwe laana, niandikie kama alivyolisema. Mama nitamwambia mwenyewe leo akitoka shamba, kabla moyo haujanigeuka.

Wote nyumbani wanakusalimu. Shangazi Mwamvita amejifungua mtoto wa kike na jina bado. Tunza mkono wako.

Ni mimi mdogo wako,
Zahoro bin Kitwana