Harufu ya Samaki Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumamosi jioni, Mahurunga. Joto la leo linakera. Mawingu yamejaa upande wa Msumbiji, ng'ambo ya mto, na mvua inatishia tu bila kunyesha. Nimekaa barazani kwa wakwe zangu. Nyumba nzima haina umeme kwa sababu nimeuzima mwenyewe. Naandika kwa simu ili nipate kutulia.

Nianze na kosa, maana nikilizunguka sitalifikia.

Wiki mbili zilizopita nilifunga soketi mpya hapa, zile zenye matundu ya USB, unachomeka waya wa simu moja kwa moja ukutani bila kichwa cha chaja. Ilikuwa zawadi yangu kwa mama mkwe. Vichwa vya chaja havikai nyumba hii, na kila kikipotea panazuka ugomvi. Mimi ni fundi umeme, sijamaliza mwaka tangu nimuoe Zuhura, na nilitaka waone kwamba binti yao hakuangukia kwa mtu wa maneno matupu.

Sebuleni nikafunga. Jikoni nikafunga. Chumbani kwa mama mkwe sikufunga.

Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba cha mama mkwe wake. Hata kama mwenyewe hayupo, hata awe amesafiri Newala. Kitanda chake hupaswi kukiona. Mimi na yeye hatuzungumzi ana kwa ana. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Zuhura, nami nimesimama hapo hapo nasikia. Basi nikampa bisibisi shemeji yangu Hamisi, ambaye ni dereva wa bodaboda na mambo ya umeme anayajua kwa kuyaona tu. Yeye akawa ndani, mimi ukumbini nyuma ya pazia, namwelekeza kwa mdomo. Waya wa kahawia huku, wa bluu kule, kaza skrubu. Nikamuuliza kama amekaza, akasema amekaza. Nikaamini.

Hapana, sikuamini. Niliamua kuamini. Fundi hakagui kazi kwa masikio, hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa, chakula kimeshaandaliwa, na sikutaka kuwa mtu wa kuleta maneno kwenye nyumba ya watu.

Leo mchana nilikuwa kazini mjini, mtaa wa Ufukoni. Nilipopumzika nikafungua ujumbe wa sauti wa Zuhura. Yuko huku tangu Jumatano, anamuuguza mama yake goti. Alikuwa anacheka. Eti paka ameingiza samaki chumbani kwa mama na kumficha pasipojulikana. Wamehamisha kitanda, wamepiga deki kwa sabuni, paka wa watu amefukuzwa kwa fagio, na harufu iko pale pale.

"Halafu cha ajabu," akasema, "kila nikichemsha maji ya kumkanda mama, inazidi."

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya mteja, mbele ya mteja.

Soketi ikianza kuungua kwa ndani, plastiki yake haitangulizi moshi. Inanuka samaki. Fundi aliyewahi kufungua iliyoungua anaijua harufu hiyo, lakini nyumba inayopika samaki kila siku, nani ataishtukia? Na yale maji ya goti Zuhura anayachemsha kwa jagi la umeme sebuleni. Umeme wa soketi ya sebuleni unapitia kwanza kwenye ile ya chumbani, na mimi ndiye niliyeupitisha. Kila walipomkanda mama yao, skrubu iliyolegea ilikuwa inachemka ukutani karibu na kichwa chake, na chandarua kinaning'inia hapo hapo.

Nikampigia Zuhura, hapatikani. Hamisi, hapatikani. Walikuwa wamekwenda shambani kuokota korosho, na huko mtandao haufiki. Nikapiga simu ya mama mkwe. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilijua kwa nini hapokei: ameona jina langu. Siku zote nikipiga mimi, simu anampa mtu mwingine aongee, na leo hapakuwa na mtu mwingine.

Nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa naangalia juu ya mikorosho kama kuna moshi, na kila mkulima aliyechoma majani leo alinipasua moyo bila kujua.

Nilikuta nyumba imetulia, kuku wanaparura uani. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha kwa nguvu zaidi. Kimya. Sebuleni jagi lilikuwa linachemka, amejiwashia mwenyewe akaenda kujilaza. Nikalichomoa, lakini ukutani upande wa chumbani kuna kitu kiliendelea kutatarika.

Mein swichi, ile inayozima umeme wa nyumba nzima, iko chumbani kwa mama mkwe. Siku umeme unaingia aliwataka mafundi waiweke humo, pamoja na vitu vyake vyote asivyotaka vichezewe. Mita iko juu ya nguzo na imefungwa kwa lakiri.

Natamani niandike kwamba nilikimbilia ndani. Sikukimbia. Nilisimama mbele ya pazia nasikia moto unakula ukuta, na bado nilikuwa najiuliza watu watasemaje. Mtu mzima na akili zangu.

Kisha nikaingia.

Mama mkwe alikuwa amelala, goti limepakwa mafuta, kichwa wazi. Nywele zake ni nyeupe zote, sikuwa najua. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ncha ya chandarua imegandia juu yake, na duara jeusi linapanda taratibu kwenye wavu. Nikazima mein swichi, nikang'oa chandarua pamoja na misumari yake, nikakikanyaga. Kwa kishindo hicho akaamka, akamkuta mkwe wake amesimama kando ya kitanda chake na viatu.

Akavuta kanga akajifunika kichwa. Hakupiga kelele. Nikatoka kinyumenyume, macho chini.

Baadaye alitoka, akakaa barazani akanipa mgongo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno, akasema na kuku wake.

"Aliyefunga kitu kile chumbani kwangu ni nani?"

Ningeweza kusema Hamisi. Usingekuwa uongo, bisibisi ilikuwa mkononi mwake, na ni mwanawe, angemsamehe kabla jua halijazama. Jina lilifika kabisa ulimini.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Hamisi alinisaidia mkono tu. Mimi niliona haya kuingia kukagua, nikakuachia moto kichwani."

Akainuka akarudi ndani, kuku wakimfuata mpaka mlangoni.

Zuhura na Hamisi wamerudi jua likielekea kuzama. Hamisi ameitazama ile soketi akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Zuhura ameingia kwa mama yake, wakakaa muda mrefu. Nilisikia Kimakonde kinapanda na kushuka, jina langu limo, na kila sauti iliposhuka ndipo nilipoogopa zaidi. Kosa la mkwe halimalizwi kwa pole. Niliwaza faini, niliwaza kikao cha wajomba, niliwaza kurudi mjini bila mke.

Sasa hivi ametoka kunipa majibu.

"Mama anasema kesho uingie, ukague chumba chote kwa mkono wako," amesema Zuhura. "Na anasema hatatoka. Atakaa humo humo, anataka akuone unavyokaza."

Nimesema sawa, na Zuhura amerudi ndani. Leo niliingia kwa sababu ya moto, sikupata nafasi ya kuufikiria mlango. Kesho moto hautakuwepo. Mama mkwe atakuwa amekaa kitandani kwake anaitazama mikono yangu, na mimi, macho yangu nitayaweka wapi?